Maoni ya Mwalimu wa Darasa

"Ana uwezo mkubwa. Huanza kazi vizuri lakini hamalizi. Huota mchana darasani. Ajitahidi."

Daktari aliyasoma maneno hayo kwa sauti, polepole, akiishika ripoti fomu yangu kwa ncha za vidole kwa kuwa imechakaa kwenye mikunjo na karibu inakatika vipande vinne. Darasa la nne, muhula wa pili, 1999. Wino wa mwalimu umefifia, ila mstari mwekundu aliopiga chini ya alama zangu za Hisabati bado unaonekana vizuri. Chini kabisa pana sahihi ya mamangu, iliyokandamizwa hivi kwamba ukipapasa upande wa nyuma wa karatasi unaihisi kwa kidole.

"Hapa ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Akaandika kitu kwenye faili. Akauliza kama ziko nyingine, nikampa bahasha nzima.

Wiki kadhaa zimepita na maneno ya mwalimu yule hayajanitoka. Kwa sababu ya maneno hayo nilichapwa. Nilichapwa shuleni, maana wakati huo viboko vilikuwa bado halali (vilipigwa marufuku 2001), na nilichapwa nyumbani kila siku ya kufunga shule. Miaka 26 baadaye, katika chumba kidogo ghorofani hapa Nakuru mjini, maneno yale yale, bila nukta kuongezwa, yakawa ushahidi kwamba nina ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuuelekeza umakini wake au kutulia.

Mwalimu aliona kila kitu.

Tarehe 20

Mimi huwawekea hesabu wafanyabiashara wadogo: wenye hadiwea, maduka ya pembejeo, wenye malori. Anayeijua kazi hii anaijua tarehe 20. Ndiyo mwisho wa kuwasilisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita, na ukichelewa faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Wateja wangu hawajawahi kutozwa faini hiyo mikononi mwangu. Hesabu zangu hulingana.

Wasilolijua ni kwamba risiti zao hukaa mezani pangu tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Kila asubuhi nilizitazama nikiwa na nia kabisa ya kuanza. Nilikaa kwenye kiti, nikafungua kompyuta, nikashika kalamu, na siku ikaisha. Kazi ya saa chache niliifanya usiku wa manane wa tarehe 19, moyo ukidunda, macho yakiwasha, nikimwomba Mungu stima isipotee.

Nia sikuikosa hata siku moja. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu ndipo watu wengi hupotea njia wanaposikia habari hizi.

Nilianza kwenda hospitali kwa ajili ya usingizi. Nikaambiwa nina sonona, nikapewa vidonge, na vilinisaidia; kulia bila sababu kulipungua. Lakini zile risiti mezani ziliendelea kunishinda vilevile. Nikarudi. Mhudumu mmoja akaniambia nipunguze simu. Nikapunguza. Risiti zikabaki palepale.

Kisha siku moja mteja alikuwa ofisini kwangu akisubiri nimprintie karatasi zake za kodi za KRA, akawa anamweleza mwenzake habari za mwanawe aliyekuwa akipelekwa kliniki Eldoret. Kwamba ukimtuma anasahau kabla ya kufika mlangoni. Kwamba anaweza kukaa saa nyingi na kitu anachokipenda, na dakika chache za zoezi la Hisabati zinamtoa machozi. Kwamba walimu wanasema ni mwerevu, ndiyo maana wanamkasirikia zaidi.

Printa ilimaliza kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama.

Shahidi wa utotoni

Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ukikaa kwenye foleni ya mmoja wa wale wachache walio huku kwetu unaelewa mara moja walimaanisha nini.

Nilipompata daktari, nilidhani ataniuliza maswali kisha anipe jibu. Kweli alinipa dodoso, lile la maswali 18 linalotumika kwa watu wazima, lililotayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Nililijaza nikaona ninatia alama upande mmoja tu wa karatasi. Akaliweka kando. Akasema hilo linamwonyesha tu kwamba inafaa tuendelee kutafuta.

Akanipima presha. Akaniagizia vipimo vya damu na vya tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea au damu ikipungua mtu huweza kuzubaa na kuchoka vivyo hivyo. Akauliza kuhusu usingizi, pombe, huzuni, vipindi vya furaha iliyopita kiasi. Kila mlango alioufungua aliangalia ndani kabla ya kuufunga.

Halafu akasema: ADHD haianzi ukubwani. Kwa mwongozo wanaoutumia madaktari wengi, uliotolewa upya 2013, mtu mzima anahitaji angalau dalili tano kati ya tisa za kundi moja (la kukosa umakini au la kutotulia), mtoto sita, na dalili kadhaa ziwe zilijitokeza kabla ya miaka 12. Mwongozo wa awali ulidai kabla ya miaka 7. Ziwe zilionekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. "Kwa hiyo nahitaji mtu aliyekujua ukiwa mdogo, au karatasi."

Karatasi.

Mtu aliyekulia pande hizi zetu akisikia neno hilo anajua uzito wake. Ni wangapi katika Bonde la Ufa walipoteza kila karatasi katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008? Tulipokimbia kwetu Molo Januari ile, mama alibeba blanketi, sufuria na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kadi zetu za ubatizo, cheti cha kifo cha baba, na ripoti fomu za watoto wake wote. Bahasha hiyo ililala nasi hapa Nakuru katika uwanja wa maonyesho, chini ya kichwa chake, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba hata nyumba ikiungua watoto wake watasoma. Nawafikiria wale ambao mama zao hawakuwa na muda wa kushika chochote. Daktari atawauliza nini?

Nilimwendea mama Njoro anakoishi sasa. Sikujua pa kuanzia.

"Mama, utotoni nilikuwa mtoto wa aina gani?"

"Mtoto mzuri."

"Mbali na uzuri, mama."

Akanyamaza. Akaacha kuchambua maharagwe. "Huyo daktari anataka kusema tulikulea vibaya?"

Swali hilo lilinipiga, maana sikuwa nimefikiria kwamba kumwomba ushahidi kungemweka yeye kizimbani. Nikamwambia hapana, daktari anataka tu kujua nilivyokuwa. Alichukua muda kuniamini. Kisha yakaanza kumtoka. Kwamba akinituma chumvi alikuwa akimpa dadangu muda kidogo halafu anamtuma anifuate. Kwamba kuna mwaka alininunulia sweta tatu za shule, na ndio mwaka pareto haikutulipa. Kwamba nikishika kitabu cha hadithi ningeweza kuitwa chakula mpaka kipoe.

"Ndiyo maana tulijua ni ukaidi," akasema. "Kitabu unaweza, kazi huwezi."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa: kwamba umakini ulikuwepo tangu zamani, ila kuuelekeza mahali unapotakiwa ndiko kunakoshindikana, na kwamba kitu kikinivutia chenyewe sihitaji kuuelekeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho bado nakisikia.

"Kwani hiyo ni ugonjwa? Mimi nilijua ni tabia. Nilikuchapa kwa tabia."

Je, si kila mtu?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kila mtu husahau. Kila mtu huahirisha. Na siku hizi, kila mtu ana simu inayomvuta shati kila dakika. Nilijiuliza usiku na mchana kama nimejitafutia jina zuri la uvivu. Kanisani kwetu nilimweleza mama mmoja ninayemheshimu, naye akasema haya ni magonjwa ya wazungu, tuombe. Tuliomba, na maombi yake yalinitia nguvu. Lakini shaka ilibaki.

Kilichoanza kuniondolea shaka ni historia. Daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, alieleza watu wasioweza kushikilia umakini mwaka 1798. George Still aliwahutubia madaktari wa London kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1902. Mwaka 1937 huko Marekani, Charles Bradley aliona watoto waliopewa dawa ya kuchangamsha wakitulia na kufanya kazi zao za shule vizuri zaidi. Simu zilikuwa wapi? Na darasa langu la mabati kule Molo, 1999, lilikuwa na nini cha kunivuruga zaidi ya dirisha?

Dirisha lenyewe linaeleza mengi. Mvulana anayepanda juu ya dawati huitwa ofisini, na mzazi wake huitwa pia. Msichana anayetazama nje kimya hamsumbui mtu. Ndiyo sababu wanawake wengi hugundulika wakiwa watu wazima, mara nyingi baada ya kutibiwa kwanza kwa huzuni au wasiwasi, kama mimi.

Kuhusu kisingizio nimefikia kauli yangu. Kisingizio humwondolea mtu kazi. Mimi kazi niliimaliza kila mwezi, kwa gharama ambayo sikumwonyesha mtu, na hakuna aliyenisamehe hata risiti moja.

"Hii ni ya watoto"

Daktari aliandika metilfenideti, dawa ya kuchangamsha inayotumika kutibu ADHD, kipimo cha chini, asubuhi na adhuhuri. Kabla ya kuandika aliuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyekufa ghafla kwa moyo, maana dawa hii hupandisha presha na mapigo. Akanionya kuhusu hamu ya kula na usingizi. Akasema tutaongeza polepole, au tutaacha.

Duka la kwanza la dawa hawakuwa nayo. La pili walikitazama cheti cha daktari, wakanitazama mimi, wakakitazama cheti tena. Kwenye lingine kijana aliyekuwa kaunta aliniuliza kwa upole, "Madam, ni ya mtoto wako?"

"Ni yangu."

"Lakini hii ni ya watoto."

Hakunikosea heshima, alisema alichofundishwa. Nilipofika nyumbani nilisoma habari za dawa hiyo na nikakuta kwamba Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba kule Uswisi, aliitengeneza mwaka 1944, na kwamba jina lake la kibiashara, Ritalin, lilitokana na mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita. Rita alikuwa na presha ya chini na alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi. Mwanamke mtu mzima! Nilitamani kurudi kumwambia yule kijana.

Dawa hii iko kwenye orodha ya pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, na hapa Kenya tuna sheria ya 1994 inayosimamia dawa za aina hiyo. Sipingi. Kuna watu huitumia vibaya, na moyo wa mtu si kitu cha kuchezea. Ninalolipinga ni jinsi mzigo wote wa udhibiti huo unavyomwangukia mgonjwa. Daktari wangu huandika dawa ya mwezi mmoja tu. Kwa hiyo kila mwezi nikumbuke tarehe, nipige simu mapema, nitunze karatasi isipotee, nizunguke maduka, na pasipokuwepo nipande matatu kwenda Nairobi, kilomita 160, nikiwa na cheti mkononi. Soma tena orodha hiyo. Ni yale yale ninayotibiwa kwa sababu siyawezi. Mtu mwenye hali yangu asiye na mume wa kumkumbusha, asiye na nauli, ataiacha dawa mwezi wa pili na watu watasema hakuitaka.

Mwaka 2019, kisha tena 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa ombi la kuingiza metilfenideti katika orodha ya dawa muhimu, wakisema ushahidi wa manufaa yake hauridhishi. Ninawaheshimu. Lakini nchi nyingi huitazama orodha ile zinapopanga dawa za hospitali za umma, na kukataliwa huko kunafika mpaka kwenye kaunta ya hapa kwetu. Hospitali moja ya kaunti ikiweka akiba ndogo, na mtu mmoja akajua ni wagonjwa gani wanaiuliza kila mwezi, safari nyingi zingekoma.

Kuna dawa nyingine, atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002. Hiyo haimo kwenye kundi la dawa za kuchangamsha, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Daktari alinitajia kama njia ya akiba. Niliitafuta pia, kwa tahadhari. Kuipata si rahisi zaidi.

Ukurasa wa M-Pesa

Watu huniuliza nilihisi nini. Sikuhisi furaha wala nguvu.

Siku ya kwanza nilimeza kidonge baada ya chai, nikakaa. Mezani palikuwa na taarifa ya M-Pesa ya mteja wa hadiwea, ya kulinganisha na kitabu chake cha mauzo, mstari kwa mstari. Nikaanza na mstari wa kwanza. Baadaye nikageuza ukurasa. Nikakuta shilingi 350 zilizoandikwa mara mbili, nikazizungushia penseli, nikaendelea. Nilipofika chini jumla ililingana, nami nikagundua kwamba sijainuka, sijajilazimisha, sijajitukana.

Nikalia.

Nililia kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba watu wote hujitukana ili waanze kazi, na kwamba wao wana uvumilivu kunishinda. Kumbe kuna watu ambao mstari wa kwanza huwa ni mstari wa kwanza tu.

Dawa yenyewe haikai. Kidonge cha kawaida hudumu takriban saa nne kisha kinaondoka, na saa kumi jioni mimi ni yule yule, nimechoka zaidi na sijala. Nimepungua uzito. Kuna siku mapigo yalinitisha nikampigia daktari tukapunguza. Haikunifundisha kupanga siku, hilo najifunza sasa, kwa karatasi zilizobandikwa ukutani na kengele za simu. Inanipa tu muda ambao juhudi yangu inafika ninakoituma.

Mtoto wa dadangu

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Makadirio ni zaidi ya asilimia 70 ya tofauti kati ya watu. Nilisoma hilo nikamwona mpwa wangu. Yuko gredi ya nne. Mwalimu ameshamwita dadangu shuleni kuhusu madaftari yanayopotea na kazi zisizomalizwa. Mfumo wa elimu umebadilika jina, lakini nilipoambiwa alichosema mwalimu nilihisi joto masikioni.

Nilinyamaza kwa wiki nyingi. Kusema kulimaanisha kuiambia familia nzima kwamba namuona daktari wa akili na nameza dawa inayodhibitiwa. Pia nilijiuliza nina haki gani ya kumpa mtoto wa mwenzangu jina la ugonjwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuzubaa kwa sababu haoni ubao vizuri, au hasikii, au kuna kitu kinamtisha.

Nilipomwambia, dadangu alikasirika. "Mtoto wangu ameze dawa za vichaa?"

Sikubishana. Nikamwambia alichosimulia mama, habari za chumvi na jinsi alivyokuwa akitumwa anifuate. Alikaa kimya, kisha akasema hakuna siku alinikuta nikicheza. Alikuwa akinikuta nimesimama kando ya njia na pesa mkononi, nikitazama kitu, na kila mara nilishtuka kumwona.

"Nilikuwa nakuonea huruma," akasema, "lakini sikuwahi kumwambia mama. Nilidhani atanichapa na mimi."

Sijui kwa nini hatukuwahi kuzungumza habari hiyo kwa miaka yote hiyo. Tuliongea mpaka usiku.

Tumekubaliana hivi. Kwanza macho na masikio, na hayo tayari yamepimwa, yako sawa. Pili, tumeenda shuleni sote wawili tukaomba mtoto akae mbele, aambiwe jambo moja kwa wakati, na asichapwe, kwa sababu marufuku ya viboko ipo lakini fimbo bado ipo pia. Mwalimu wake ni binti mdogo mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi. Alisikiliza, akaandika, na akauliza kama angeweza kutuletea mzazi mwingine.

Kliniki ya watoto wamempa tarehe. Nitaandamana nao, nikiwa na bahasha ya mama, kwa kuwa daktari atauliza historia ya familia na safari hii tunayo. Akisema si ADHD, tutamwuliza ni nini, na hatutaondoka hapo bila jibu au bila jina la mtu mwingine wa kumwuliza.